UJASIRIAMALI: Jinsi biashara zinazochechemea hupata dhamira na kusimama

KATIKA masoko ya Gikomba, Kongowea na Kibuye, biashara mpya huzaliwa kila alfajiri na nyingine hufa bila yeyote kupiga mbiu. Meza iliyokuwa ya muuza viatu wiki jana, leo ina muuza vitunguu. Wapita njia hawaulizi aliyetangulia alikwenda wapi.

Hasara hiyo ya kimyakimya iliwahi kuhesabiwa. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa na biashara ndogo na za kadri zipatazo 7.4 milioni, ambapo takriban 1.56 milioni pekee ndizo zilizokuwa na leseni. Utafiti huo ulibaini pia kwamba biashara 2.2 milioni zilikuwa zimefungwa katika kipindi cha miaka mitano hadi mwaka huo, na kwamba umri wa wastani wa biashara iliyofungwa ulikuwa chini ya miaka minne. Ukosefu wa fedha za kuendeshea shughuli ulikuwa miongoni mwa sababu kuu zilizotajwa na wenyewe.

Nyuma ya kila biashara iliyofungwa kuna akiba ya familia, karo iliyokopwa, shamba lililowekwa rehani na, aghalabu, ndugu wasiosemezana tena. Ndiyo maana ni muhimu kuuliza ni nini hasa huiwezesha biashara changa kuvuka miaka hiyo ya dhiki na kuwa kampuni inayojulikana kwa jambo inalolisimamia, wala si kwa bidhaa inazouza tu.

Majibu mawili husikika mara kwa mara. La kwanza, ambalo wazee wa biashara hupenda kulitoa, ni kwamba mtu atafute faida kwanza. Mambo ya dhamira na huduma kwa jamii yatafuata akishashiba. La pili husikika zaidi katika semina za hoteli za Nairobi: kwamba mwenye dhamira njema hatakosa fedha, kwani wawekezaji watamfuata wenyewe. Historia ya biashara humu nchini haiungi mkono hata moja kati ya majibu hayo.

Kisa kinachofaa kuanziwa ni cha Equity.

Kampuni hiyo ilianza Oktoba 1984 kama chama cha ujenzi, Equity Building Society, chini ya uongozi wa Bw Peter Munga. Ofisi yake ya kwanza ilikuwa katika kituo cha biashara cha Kangari, Murang'a, eneo la wakulima wadogo wa majani chai. Nia ilikuwa kuwapa watu wa kipato cha chini mikopo ya muda mrefu ya kujenga nyumba. Nia hiyo haikuwa mbaya hata kidogo. Lakini ilibeba kasoro ambayo mwenye duka lolote anaweza kuielewa: fedha zilizokopeshwa kwa miaka mingi zilikuwa amana za watu walioweza kuzihitaji wakati wowote, na wengi wa waliotarajiwa kukopa hawakuwa na kipato cha kuhimili rehani.

Kufikia mwaka 1993 mambo yalikuwa yamekwenda mrama. Benki Kuu ya Kenya ilipokagua vitabu vya chama hicho iligundua kwamba kilikuwa kimefilisika kwa hesabu ingawa milango yake ilikuwa bado wazi. Hasara iliyolimbikizwa ilifika Sh33 milioni ilhali mtaji uliolipwa na wenye hisa ulikuwa Sh3 milioni tu, yaani hasara mara 11 ya mtaji. Asilimia 54 ya mikopo ilikuwa hailipiki. Sheria ilitaka taasisi kama hiyo iwe na angalau Sh20 za kulipa papo hapo kwa kila Sh100 za amana. Equity ilikuwa haifikishi hata Sh6. Gharama za kila siku zilikuwa zikilipwa kwa pesa za wateja.

Huo ulikuwa mwaka mbaya kwa sekta nzima. Benki na kampuni kadhaa za fedha ziliporomoka mnamo 1993 na wenye akiba wakabaki wakipiga foleni nje ya milango iliyofungwa. Kwa mizani yoyote ya kawaida, chama kidogo cha mashambani kilichokuwa katika hali hiyo kilistahili kuzikwa pamoja na vingine.

Mwaka huohuo alijiunga nacho Bw James Mwangi, mhasibu mzaliwa wa Murang'a aliyekuwa amefanya kazi katika benki ya kibiashara. Alipewa majukumu ya fedha. Mageuzi yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi, na kila msimulizi huyatia chumvi yake. Hata hivyo, kiini chake ni rahisi. Equity iliachana na ndoto ya rehani, ikajiuliza upya ni nani hasa anayeingia mlangoni mwake na anataka nini.

Jibu lilikuwa likionekana wazi, ila hakuna aliyekuwa amelitilia maanani. Aliyeingia mlangoni alikuwa mkulima wa chai anayesubiri bonasi, mwalimu wa shule ya msingi, muuza mboga, karani wa chini serikalini. Hakuwa akitaka mkopo wa nyumba wa miaka 10. Alitaka mahali salama pa kuweka Sh200, na mkopo mdogo wa kununua mbolea au kulipa karo hadi mshahara au malipo ya chai yafike. Wakati huohuo, benki kubwa zilikuwa zikimfukuza mteja wa aina hiyo kwa adabu: zilifunga matawi ya mashambani na kupandisha kiwango cha chini cha akiba ambacho mteja alipaswa kuwa nacho.

Hapo ndipo dhamira ilipozaliwa, na yafaa kuzingatiwa wakati ilipozaliwa. Haikuja baada ya faida, kwa kuwa faida haikuwapo. Haikutoka kwa mfadhili, kwani hakuna mfadhili aliyekuwa akiitazama Kangari. Ilitokana na taasisi iliyokuwa ukingoni kutambua kwamba watu wasiotakiwa na wengine ndio pekee waliokuwa tayari kuiamini. Kuwahudumia vyema watu hao ndiyo njia pekee iliyokuwa imebaki ya kulipa kodi ya nyumba.

Tangu 1994 mkazo ukawekwa kwenye akiba ndogondogo na mikopo ya muda mfupi. Wafanyakazi walitumwa masokoni na mashinani kuwatafuta wateja badala ya kuwasubiri nyuma ya kaunta. Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Miaka kadhaa ilipita kabla ya hasara za awali kufutika, na hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 hesabu za wateja zilikuwa bado zikiandikwa kwa mkono. Kompyuta ziliingia mwaka 2000. Mwaka huo pia, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uingereza, DFID, magari ya huduma za benki yalianza kuzuru vijiji ambavyo havikuweza kuhimili tawi kamili, yakifika kwa siku maalumu zilizojulikana na wenyeji.

Kuna hatua moja ambayo haitajwi sana, pengine kwa kuwa haina mvuto wa picha gazetini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Equity ilishirikiana na shirika la MicroSave kuwahoji wateja wake. Wateja walilalamikia ada: zilikuwa nyingi, zenye majina yasiyoeleweka, na mkopaji hakujua gharama halisi ya mkopo wake hadi alipoanza kukatwa. Uongozi ulirahisisha ada hizo na kuzieleza waziwazi. Kwa taasisi iliyokuwa imepona majuzi tu, kupunguza vyanzo vya mapato hakukuwa jambo dogo. Lakini wateja waliongezeka kwa kasi kuliko wakati wowote uliotangulia, na mapato yakafuata idadi.

Mnamo Desemba 31, 2004 chama cha ujenzi kikageuka rasmi kuwa benki. Agosti 2006 hisa zake zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na mwishoni mwa mwaka huo idadi ya akaunti ilikuwa imepita 1 milioni. Mwaka 2007 kampuni ya uwekezaji ya Helios ilinunua karibu robo ya hisa kwa takriban Sh11 bilioni. Benki hiyo ikavuka mipaka: Uganda mwaka 2008, Sudan Kusini 2009, Rwanda 2011, Tanzania 2012 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2015.

Ukubwa huo ulileta maswali ambayo chama cha Kangari hakikuwahi kuulizwa. Kampuni iliyo katika soko la hisa ina wenyewe wengi, na wengi wao hawajawahi kupanda foleni sokoni. Wanataka gawio. Je, mkulima wa chai bado ndiye anayeongoza maamuzi, ama amegeuka kuwa picha ya kalenda?

Mtihani ulikuja Septemba 2016, sheria ya kudhibiti viwango vya riba ilipoanza kutekelezwa. Kwa kuwa benki hazingeweza tena kumtoza mkopaji mdogo riba ya juu kufidia hatari ya kutolipwa, kwa jumla, Equity ikiwemo, zilipunguza kumkopesha na kuielekeza sehemu kubwa zaidi ya fedha kwenye hatifungani za serikali. Sheria hiyo iliondolewa Novemba 2019. Wabunge waliitunga wakidai kumtetea mwananchi wa kawaida, na benki ziliipinga zikidai vivyo hivyo. Huku wawili hao wakibishana, mwenye kibanda aliyekuwa akitafuta Sh50,000 aliishia mikononi mwa wakopeshaji wa simu wanaotoza ada za kutisha.

Upande wa pili wa shilingi ni Wakfu wa Equity, ambao ulianzishwa mwaka 2008, na mpango wake wa Wings to Fly wa mwaka 2010 unaoendeshwa pamoja na Wakfu wa Mastercard, ambao umewalipia karo ya sekondari maelfu ya wanafunzi werevu kutoka familia fukara. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, anayetaka kupima dhamira ya kampuni yoyote asianzie kwenye wakfu wake, bali kwenye orodha yake ya bei na ada. Wakfu hupokea sehemu ya faida baada ya hesabu kufungwa, ilhali bei humgusa mteja kila siku. Mageuzi ya ada ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yanaeleza zaidi kuhusu Equity kuliko hafla yoyote ya kukabidhi hundi.

Si kila biashara yenye dhamira hupitia soko la hisa. Katika Kaunti ya Kiambu, Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Maziwa cha Githunguri kilianzishwa mwaka 1961 na wanachama 31. Kwa miongo mingi kazi yake ilikuwa kukusanya maziwa na kuyauza kwa wengine, hasa kampuni ya KCC ambayo ilikuwa imetawala soko zima. KCC iliposambaratika katika miaka ya 1990, wakulima kote nchini waliachwa wakidai malipo ya maziwa yaliyokwisha kunywewa. Githunguri nacho kikajikuta taabani. Mkulima asipolipwa hanunui chakula cha ng'ombe, ng'ombe hupunguza maziwa, na chama hukosa hata kile kidogo cha kuuza.

Uongozi mpya ulioshika usukani mwishoni mwa miaka hiyo ulianza na jambo lisilo na fahari, nalo ni kumlipa mkulima kwa wakati. Kisha chama kikaamua kutoendelea kutegemea mnunuzi mmoja. Kwa mkopo kutoka kwa shirika la Oikocredit la Uholanzi, kilijenga kiwanda chake chenyewe kilichoanza kazi mwaka 2004, na maziwa yake yakaingia madukani kwa jina la Fresha. Chama pia huendesha maduka ambamo mwanachama huchukua chakula cha mifugo na mahitaji mengine kwa mkopo unaokatwa kwenye malipo yake ya maziwa, mbali na huduma za upandishaji mbegu na matibabu ya ng'ombe.

Mpangilio huo ni wa kutazamwa kwa makini. Duka humsaidia mkulima asiye na pesa taslimu katikati ya mwezi. Wakati huohuo hukilinda chama, kwani ng'ombe aliyeshiba ndiye anayejaza mitambo ya kiwanda. Huduma na biashara ni kitu kimoja, na hakuna haja ya kuajiri afisa wa kuzipatanisha.

Mambo hayakuwa hivyo kwa Copia.

Kampuni hiyo iliyoanza shughuli humu nchini mwaka 2013 ilikuwa na dhamira ambayo ni vigumu kuikosoa. Ilitaka mwanakijiji asiye na intaneti aweze kuagiza bidhaa kwa bei nafuu kama mkazi wa mjini. Mteja aliagiza kupitia wakala, mathalani mwenye duka au msusi, na bidhaa zikamfikia hapohapo. Mawakala walipata kamisheni, wanawake wengi wakiwamo. Wawekezaji wa ng'ambo walivutiwa, nao wakaipa zaidi ya Dola 100 milioni kwa jumla, zikiwemo Dola 50 milioni zilizotangazwa Januari 2022. Kampuni ilipanuka hadi Uganda, kisha mwaka 2023 ikaondoka huko. Mei 2024, juhudi za kupata mtaji zaidi zilipogonga mwamba, iliwekwa chini ya wasimamizi na wafanyakazi zaidi ya 1,000 wakajikuta hatarini kupoteza kazi.

Ugumu wenyewe unaeleweka. Unga, sukari na mafuta ya kupikia ni bidhaa zenye faida finyu hata katika duka kubwa la mjini ambako mteja hujibebea. Kuzipeleka kwa lori hadi kijijini, katika vifurushi vidogo na kwenye barabara mbovu, ni gharama isiyopungua eti kwa sababu mteja ni maskini. Maadamu fedha za wawekezaji zilikuwa zikiingia, tofauti hiyo ilifichika. Riba zilipopanda duniani kuanzia mwaka 2022 na wawekezaji wakafumba mikono, pengo likaonekana.

Ukilinganisha visa hivi, utaona kwamba Copia haikushindwa kwa kukosa dhamira, wala Equity na Githunguri havikunusurika kwa sababu viongozi wao walikuwa na mioyo mikunjufu zaidi. Katika Equity na Githunguri, huduma iliyomfaa mteja au mwanachama ilileta pia pesa zilizoilipia huduma hiyo, muda mfupi baadaye. Katika Copia, kila mteja wa mbali aliyefikiwa aliongeza gharama ambayo ililazimu kufidiwa na mtu aliye London au Marekani. Dhamira inayolipiwa na mgeni hudumu kadiri ya subira ya mgeni huyo.

Kwa mjasiriamali mwenye kioski, cherehani tatu au karakana ya kuchomelea vyuma, jambo hili linaweza kupimwa bila mtaalamu. Daftari moja linatosha, mradi ndani yake mshahara wa mwenyewe uandikwe kama gharama. Hapa ndipo wengi hujidanganya: anayechota kwenye droo kila jioni hajui kama biashara inamlisha au anaila. Baada ya hapo aandike, kwa kila aina ya mteja, anachomlipa na anachomgharimu, usafiri na deni lisilolipwa vikiwamo. Mara nyingi hubainika kwamba mteja anayempigania zaidi, yule mkubwa anayelipa baada ya siku 90, ndiye anayemmaliza, na kwamba kundi dogo la wateja waaminifu ambalo halijawahi kulitafakari ndilo linalomweka mjini. Equity ilihitaji kufilisika ili iligundue kundi hilo.

Lipo pia suala la usajili, ambalo waanzilishi wengi hulipuuza hadi ugomvi uzuke. Sheria za Kenya hazina aina maalumu ya usajili kwa biashara zinazolenga kuhudumia jamii. Mwenye nia hiyo huchagua kati ya njia zilizopo: kampuni ya hisa au kampuni ya dhamana chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, chama cha ushirika, au shirika la manufaa kwa umma chini ya sheria ya mwaka 2013 iliyoanza kutekelezwa Mei 2024.

Uchaguzi huo huamua ni nani atakayekuwa na uwezo wa kubadilisha dhamira siku moja. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na ng'ombe mmoja au 20, hivyo hakuna tajiri anayeweza kuamka na kukigeuza chama kuwa kitu kingine. Gharama yake ni mwendo wa kobe katika maamuzi, na siasa za uchaguzi ambazo zimeua vyama vingi vya kahawa na maziwa. Katika kampuni ya hisa, kura hufuata hisa. Mwanzilishi anayeuza asilimia 60 kwa mwekezaji amemkabidhi pia haki ya kuamua kampuni ipo kwa ajili ya nani, hata kama hotuba ya siku ya kutia saini ilisema vingine. Anayetaka kulizuia hilo anapaswa kuliandika katika katiba ya kampuni na katika mkataba wa wenye hisa kabla pesa hazijaingia. Zikishaingia, wakili wa mwekezaji hana sababu ya kulikubali.